MZIGO WA MWENZIO SI KANDA LA USUFI

Ndugu wanachama wa Kitui na Makueni,

Katika mkutano wa tawi wa mwezi uliopita, mzee mmoja alisimama akauliza swali, na wengi wakacheka. Alisema: "Katibu, sisi hapa tuna taabu ya mishahara na taabu ya maji, nawe watuletea habari za mlima wa barafu ulio kaskazini, nchi ya watu wengine. Mlima huo watuhusu nini?" Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu jua lilikuwa limekwisha kuchwa na watu walitaka kwenda kwao. Leo namjibu kwa maandishi, maana swali lake ni zuri na jibu lake ni refu.

Kwanza, mzee wangu, mlima ule si wa watu wengine. Tarehe 3 Desemba 1849, mmisionari Krapf aliuona kutoka hapa hapa Kitui, alipokuwa mgeni wa Kivoi, mkuu wa misafara ya Wakamba. Wenyeji walikuwa wakiujua tangu zamani, na jina ambalo leo ni jina la nchi yetu nzima, Krapf alilisikia kwa Wakamba. Lakini vitabu vyaandika kwamba Krapf ndiye "aliyeuona". Aliyempa mgeni chakula, njia na jina la mlima huandikwa pembeni, kama akiandikwa. Shikeni neno hili, maana ndilo nitakalolifuata mpaka mwisho.

Pili, vijana wetu wako kule sasa. Kila mvua inaposhindwa, kijana wa Mwingi au wa Kibwezi hupanda gari kwenda Naro Moru, Nanyuki au Chogoria kutafuta kibarua cha kubeba mizigo ya wapanda mlima. Wengine ni wapagazi, wengine wapishi, na wachache wamepata kuwa waongozi. Basi, jambo la mlima ni jambo la kazi, na jambo la kazi ni jambo la chama.

Mimi mwenyewe nimebeba. Kabla sijawa katibu wa tawi nilibeba misimu mitatu, na nitawaeleza kitu kimoja tu nilichokiona.

Safari moja ilikuwa na bingwa wa usalama wa porini. Kazi yake ni kuwafundisha watu wanaojitia nyikani kwa starehe namna ya kurudi wazima. Sikusudii kumdharau, maana alikuwa mtu mwenye maarifa. Jioni ya kwanza aliwakusanya wageni katika hema kubwa akawafundisha muda wa saa mbili. Sisi wapagazi tuliambiwa tungoje nje, tuchemshe chai. Nilikuwa nimeshika birika karibu na mlango wa hema, nami nikasikiliza. Kwa kupitia kitambaa cha hema ndipo nilipojifunza mambo yanayoweza kuniua.

Nilisikia kwamba kadiri mtu apandavyo ndivyo hewa inavyopungua uzito, na kwamba kwenye mita 5,000 hewa ya kuvuta ni kama nusu ya ile ya pwani. Nilisikia kwamba mtu akipanda upesi kupita kiasi huumwa kichwa, hutapika, na usingizi humkimbia. Na hizo ni dalili za kwanza. Akiendelea kupanda, maji huweza kuingia mapafuni, naye akakohoa na kukosa pumzi hata akiwa amekaa. Au ubongo huvimba, naye akapepesuka kama mlevi na kusema maneno yasiyoeleweka. Dawa kubwa ni moja: kumshusha mara moja, usiku au mchana, bila kungoja asubuhi. Nilisikia pia kwamba ukipita mita 3,000, yafaa mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila siku tatu au nne upumzike siku moja.

Haya, wanachama, fanyeni hesabu. Katika njia ya Naro Moru, watu hulala kituo cha hali ya hewa, mita 3,050, na usiku unaofuata hulala Kambi ya Mackinder, mita 4,200. Ni mita 1,150 kwa siku moja. Mgeni anayeharakisha hufanya hivyo kwa kuwa likizo yake ni fupi. Mpagazi hufanya hivyo kwa kuwa mgeni amefanya hivyo, tena yeye ana mzigo mgongoni.

Siku ya tatu mgeni mmoja aliumwa kichwa akatapika. Bingwa alimtazama, akaagiza ashushwe pale pale na watu wawili. Alifanya vema. Siku hiyo hiyo mwenzetu mmoja, kijana wa kutoka kwetu, alikuwa akikohoa tangu alfajiri na hatua zake hazikuwa sawa. Mnyapara alipoambiwa, alisema: "Huyu ni mwenyeji, amezoea. Mpeni chai." Akapewa chai, na mzigo wake akaubeba. Usiku alipokuwa hawezi kulala chali, sisi wenyewe tulimshusha kwa tochi moja. Alipona, Mungu asifiwe. Siku ya malipo alikatwa siku mbili kwa kuwa "aliacha kazi", na sisi tuliomshusha tukakatwa moja.

Maarifa yalikuwepo. Bingwa alikuwepo, na dawa, yaani kuteremka, haina bei. Kilichokosekana ni mtu wa kukubali kwamba mapafu ya mpagazi ni mapafu. Ndiyo maana sipigani na elimu ya usalama. Napigana na elimu inayofungiwa hemani.

Sasa na tujibu maneno yao, moja moja.

Neno la kwanza husema: "Wapagazi wamezoea mlima." Huu ni uongo mkubwa, na nasikitika kwamba hata sisi tunauamini. Mji wa Kitui uko kwenye mita kama 1,100, na Kibwezi iko chini zaidi. Mtu aliyezaliwa Kibwezi, akaishi Kibwezi, akaja Naro Moru jana, damu yake haiujui mlima kuliko damu ya mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege juzi. Mwili huzoea hewa ya juu kwa siku za kukaa juu, hauizoei kwa kabila wala kwa rangi. Na hata aliyezoea, akishuka akakaa nyumbani wiki kadhaa, mazoea yale humtoka. Kumwambia "umezoea" mtu aliyeshuka basi jana ni kumfanyia mzaha.

Na baridi je? Kwenye makambi ya juu maji huganda usiku. Mgeni ana koti la manyoya, suruali ya mvua na viatu vya ngozi nzito. Mpagazi ana sweta la mtumba na viatu vya raba. Wote wananyeshewa mvua moja. Nguo ikilowa na upepo ukavuma, baridi humpata mtu hata kabla barafu haijaanza. Hutetemeka, kisha huacha kutetemeka, akawa mzito wa maneno na wa mikono. Hapo watu husema "amechoka, mwacheni alale". Hajachoka, anakufa. Avuliwe nguo zilizolowa, avikwe kavu, akingwe upepo, na akiwa na fahamu apewe kinywaji cha moto chenye sukari. Andikeni haya nyuma ya daftari zenu.

Neno la pili: "Hakuna aliyelazimishwa, kila mtu alikwenda mlimani kwa hiari yake." Je, ni kweli? Mgeni aliichagua hatari, akailipia, na akirudi nyumbani ataisimulia mezani. Mpagazi hakuichagua hatari, alichagua karo ya mtoto. Hatari amefungiwa ndani ya mzigo bila kuambiwa. Lau angeambiwa, apewe nguo, apewe bima, kisha akakubali, hapo tungeweza kusema habari za hiari.

Neno la tatu: "Hawa ni vibarua, hawana haki za wafanyakazi." Tajiri asemaye hivyo ama hajui sheria au anajua kwamba sisi hatuijui. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri ampe mavazi ya kujikinga mtu anayefanya kazi ya kulowa. Sheria hiyo hiyo yasema mfanyakazi akiona hatari kubwa iliyo karibu amwarifu msimamizi wake, na asirudishwe mahali hapo hatari ingalipo. Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini, ya mwaka huo huo, yamtaka mwajiri awe na bima, na ajali iarifiwe: kifo ndani ya saa 24, jeraha ndani ya siku saba. Sheria ya Ajira, nayo ya 2007, yasema kibarua aliyefanya kazi mfululizo kwa muda usiopungua mwezi mmoja asihesabiwe tena kuwa wa kutwa. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanyakazi haki ya kuingia chama na kushiriki shughuli zake. Haikuandikwa humo "isipokuwa mpagazi".

Neno la nne ndilo wanalolipenda zaidi: "Mkidai mengi, wageni watahamia Kilimanjaro." Vizuri, twendeni Kilimanjaro tukaone. Huko kanuni ya hifadhi imeweka mzigo wa mpagazi kuwa kilo 20, na mizigo hupimwa langoni kwa mizani. Tangu miaka ya mapema ya 2000 kuna shirika la kuwatetea wapagazi wa mlima ule, nalo huwatangazia wageni kampuni zinazowatendea wapagazi haki. Je, wageni wamekimbia? La hasha. Basi kama wageni wetu watahamia Kilimanjaro, watahamia mahali ambapo mzigo hupimwa. Tajiri na achague tishio jingine.

Wala si Tanzania peke yake. Huko Nepal, mwaka 1997, mpagazi kijana aliugua ugonjwa wa mlimani, akafa, na kutokana na kifo kile watu walianzisha chama cha kimataifa cha kuwalinda wapagazi. Mlima ni mwingine, na maneno ni yale yale: amezoea, mwacheni. Ilibidi mtu afe ndipo watu washtuke. Sisi tunangoja nani?

Wengine watasema natia chumvi, kwamba wokozi wa mlimani ni wa watu wote. Nami nawajibu kwa historia. Mwezi wa Septemba 1970 daktari wa Austria, Gert Judmaier, alivunjika mguu karibu na kilele cha Batian. Ilipita kama wiki nzima akiwa juu ya mwamba. Waokoaji walipanda kutoka hapa Kenya, na wengine wakaja kwa ndege kutoka Innsbruck, kwao Austria. Rubani Mmarekani, Jim Hastings, alianguka na helikopta yake akafa katika kazi ile. Judmaier akaokoka. Hilo lilikuwa jambo la heshima, na mimi simwonei mtu wivu kwa kuokolewa. Leo askari wa Shirika la Wanyamapori wana kikosi cha uokoaji katika mlima ule, nao ni wafanyakazi wenzetu wanaohatarisha roho zao, tuwaheshimu. Ninalouliza ni hili tu: mpagazi akivunjika mguu, nani atakayepiga simu, na nani atakayelipa? Yule mwenzetu hakuhitaji ndege ya kutoka Ulaya. Alihitaji watu wawili na ruhusa ya kushuka, na malipo ya siku zake.

Mambo haya yana mizizi mirefu. Halford Mackinder alipoondoka Nairobi mwezi Julai 1899 kwenda kupanda mlima huu, msafara wake ulikuwa na Wazungu 6, Waswahili 66, Wamasai wawili wa kuongoza na Wakikuyu 96. Waliofika kilele cha Batian tarehe 13 Septemba walikuwa Mackinder na watu wawili kutoka milima ya Alpi, Ollier na Brocherel. Majina ya hao watatu yamo vitabuni, na kambi imeitwa kwa jina la Mackinder. Waliobeba unga, mahema na kamba wamebaki kuwa hesabu: 66, 2, 96. Kisha ikaja Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, na babu zetu wa Kitui na Machakos wakakamatwa kuwa wapagazi wa jeshi. Walikufa kwa makumi ya maelfu pamoja na wenzao wa makabila mengine, wengi kwa maradhi na njaa kuliko kwa risasi. Kumbukumbu yao ni soko: Kariakor ya Nairobi, Kariakoo ya Dar es Salaam. Waswahili walikuwa na msemo, "mzigo mzito mpe Mnyamwezi." Mnyamwezi akichoka, hupewa Mkamba.

Na tusidhani kwamba kufika juu kunatosha. Tanganyika ilipopata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961, Alexander Nyirenda alipeleka bendera na mwenge Kilimanjaro. Miaka miwili baadaye, tarehe 12 Desemba 1963, ilikuwa zamu ya Kenya, na aliyeipandisha bendera yetu juu ya Mlima Kenya alikuwa mtu wetu, mwana wa Ukambani, Kisoi Munyao. Kila mtoto wa shule alisikia habari ya bendera ile. Lakini Kisoi aliishi miaka mingi katika ufukara, na alipofariki mwaka 2007 nchi ilikuwa imemkumbuka akiwa amekwisha kuchoka. Kama aliyepandisha bendera ya taifa aliweza kusahauliwa hivyo, wewe uliyepandisha sufuria na mahema utakumbukwa na nani? Utakumbukwa na chama chako, kama umekiingia.

Sasa nageuka upande wetu, maana polepole nimeona watu wakitabasamu, wakidhani lawama zote ni za matajiri. Mnyapara aliyesema "amezoea" hakutoka London. Ni mtu wa lugha yetu. Wako waongozi wetu wanaopewa fedha za wapagazi sita, wakachukua wanne, wakagawanya mizigo ya wale wawili juu ya migongo ya wenzao na kutia tofauti mfukoni. Wako wanaodai bakshishi ya wageni yote kisha kuwagawia wenzao masalio. Na wako miongoni mwetu wanaoomba mzigo wa pili ili wapate malipo ya pili. Kwa tamaa ya siku moja wanamfundisha tajiri kwamba mtu mmoja anaweza kubeba ya wawili. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Walisema hivyo kutuonya, nasi tumeugeuza kuwa kanuni ya kazi.

Tena jambo lenyewe linakuja mlangoni kwetu. Siku za Jumamosi mabasi ya watu kutoka Nairobi hufika Nzaui, vilima vya Chyulu, na mwamba wa Nzambani. Wanakuja kupanda, na ni vizuri waje. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini vijana wanaowaongoza huko hawana kamba, hawana sanduku la dawa, hawana mkataba, na hulipwa kwa huruma. Chyulu hakuna barafu, ila kuna jua la kuua na mapango ya mawe ya volkeno yenye giza. Tukinyamaza sasa, desturi mbaya ya mlima wa kaskazini itakuwa desturi ya Makueni kabla ya miaka kumi.

Kwa hiyo tawi letu linaweka madai haya, na twaomba kila mwanachama ayajue kwa moyo:

1. Mizani iwepo langoni, na mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20.

2. Somo la usalama lifundishwe kwa wote walio safarini, kwa lugha wanayoielewa, na birika lingoje.

3. Mpagazi apewe koti la mvua, blanketi au mfuko wa kulalia, na viatu vinavyofaa, bila kukatwa mshahara.

4. Akiugua ashushwe na mtu wa kumsindikiza, na wote wawili walipwe siku zao kamili.

5. Bima iandikwe kwa jina la kila mtu kabla ya lango kufunguliwa.

6. Malipo na bakshishi vitolewe hadharani, kila mtu mkononi mwake, na karatasi itiwe sahihi.

Madai hayo hayazidi yale ambayo bingwa angempa mgeni wake bila kuombwa. Hatuombi tupandishwe juu ya mgeni. Twataka tuhesabiwe naye.

Nawe kijana utakayekwenda mlimani msimu huu, usiondoke kabla ya kufika ofisini. Leta jina lako, la mwajiri wako na la mtu wa nyumbani, tuyaandike kitabuni. Huko juu, mwenzako akianza kupepesuka, usingoje amri ya mnyapara. Mshushe, kisha njoo tawini na daftari lako la siku, nasi tutakwenda pamoja kudai mishahara yenu. Mshahara uliokatwa hudaiwa ukarudi.

Waungwana husema aliye juu mngoje chini. Sisi tumengoja tangu 1899. Jumapili ya kwanza ya mwezi tutakutana, saa nne asubuhi, na mzee wangu aliyeuliza swali nitamwekea kiti cha mbele. Mizani tutakuwa nayo pale pale. Kila aliyewahi kubeba aje na mzigo wake kama alivyoubeba, tuupime mbele ya watu wote.

Umoja ni nguvu.

Katibu wa Tawi, mpagazi wa zamani